Ng'ombe Aliyekataliwa Muthangari

Nyanya yangu alikutana na babu kwenye benchi la ofisi moja ya serikali, katikati ya Nairobi, miaka michache baada ya Uhuru. Wote wawili walikuwa wamezaliwa hapa hapa Nairobi. Walikuwa wameambiwa wakae pale wasubiri kwa sababu wazazi wao walitoka nje ya nchi.

Hadithi hii nimeisikia jikoni kwao Kinoo tangu nikiwa mdogo. Msimulizi alikuwa nyanya. Babu alikaa karibu na dirisha akijifanya anasikiliza redio, na nyanya akiruka jambo lolote, alishusha sauti ya redio na kumrudisha nyuma. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya nyanya, pamoja na masahihisho ya babu.

Baba yake nyanya alikuwa mpishi. Alitoka Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi, akaja na jeshi la Waingereza, na vita vya pili vya dunia vilipoisha hakurudi. Alipata kazi ya kupika kwa Mzungu mmoja Muthangari, akapewa chumba nyuma ya nyumba kubwa, na nyanya akazaliwa katika chumba hicho. Mama yake, naye Mnyasa, alifariki nyanya akiwa bado mtoto wa kubebwa. Upande wa pili, wazazi wa babu walikuwa Warundi. Waliondoka kwao kwa sababu ya njaa, wakalima pamba Uganda kwa muda, kisha wakaendelea mpaka Kenya, mama akiwa na mimba ya babu. Baba alikufa kwa kifua akiwa bado kijana. Mama akabaki Kawangware, akifua nguo za watu wa Kileleshwa na kumlea mwanawe wa pekee.

Basi siku hiyo ofisini, nyanya alikuwa amekuja kutafuta cheti cha uraia ili akubaliwe kusomea ualimu wa watoto wadogo. Karani alimwuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Muthangari."

"Nauliza kwenu, si kwa mwajiri wa babako."

Nyanya akarudia jibu lile lile. Akaelekezwa kwenye benchi. Pale alimkuta kijana mwembamba, suruali yake imejaa nyuzi. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari na sofa katika karakana moja mjini, na tajiri wake alitaka kila mfanyakazi awe na karatasi zake.

"Wewe pia umetoka nje?" kijana akamwuliza.

"Nje ya nini?" nyanya akamjibu. "Mimi nimetoka Muthangari, nimepitia Kileleshwa, nimefika hapa."

Babu akacheka, tena kwa sauti, mpaka karani akainua kichwa na kuwatazama vibaya. Mchana ulipofika bila wao kuitwa, nyanya alifungua mkate wenye jemu aliofungiwa na baba yake. Babu alikuwa na muhogo wa kuchemsha. Wakabadilishana. Nyanya alikuwa akisema muhogo ule ulikuwa mgumu kama mti. Babu, bila kugeuka kutoka dirishani, aliuliza, "Na nani aliumaliza?"

Jioni waliambiwa kila mmoja arudi na mzee mwenyeji anayeweza kuapa kwamba anamjua tangu kuzaliwa. Nyanya akaenda akamweleza baba yake. Mzee mpishi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kiswahili chake alijifunza jeshini na jikoni, na mpaka anakufa hakikunyooka. Akasema, "Ita mzee ya maziwa."

Mzee wa maziwa alikuwa Mkikuyu wa Kinoo. Alifuga ng'ombe, na tangu zamani alileta maziwa Muthangari kwa baiskeli, mitungi ikining'inia huku na huku. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowasaka wapigania uhuru, alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Asubuhi aliyochukuliwa alikuwa amefika na maziwa, na baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wa jikoni. Mzee mpishi aliiingiza chumbani kwake, akailaza chini ya kitanda, na miaka yote ile aliitoa kila baada ya muda akaipaka mafuta isishike kutu. Mwenyewe aliporudi, amekonda, hana kitu, alikuta baiskeli yake inang'aa. Nyanya aliikumbuka siku hiyo vizuri. Mzee wa maziwa aliishika baiskeli, baba yake akaingia jikoni kuchemsha chai.

Kwa hiyo mzee wa maziwa alipoitwa, alifika ofisini akiwa na gambuti zenye matope, akavua kofia, akamwambia karani, "Huyu msichana nilimjua akiwa bado tumboni. Mama yake ndiye alikuwa ananipokea maziwa. Andika."

Karani akaandika.

Babu alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, hana mtu. Nyanya alimtazama, akaona haya kuondoka na bahati yake peke yake. Akamwambia mzee, "Baba, na huyu je? Hana wa kumsemea."

"Mimi simjui," mzee akasema. "Siwezi kuapa uongo."

"Sijasema uape uongo. Nasema tumtafutie."

Mzee alimwangalia nyanya, akamwangalia kijana, akatingisha kichwa. Lakini wiki iliyofuata alienda Kawangware kwa baiskeli yake, akauliza nyumba kwa nyumba, mpaka akampata mzee aliyewapangisha wazazi wa babu walipofika mara ya kwanza. Akaja naye mjini. Hivyo ndivyo babu alivyopata cheti chake.

"Hapo ndipo nilipojua," babu alikuwa akisema kila wakifika mahali hapa.

"Ulijua nini?" nyanya alimchokoza.

"Nilijua tu," babu akasema, na kuongeza sauti ya redio.

Kuanzia hapo, Jumamosi karakana ilipofungwa, walikutana mjini wakarudi nyumbani kwa miguu. Kutoka mjini walipanda mpaka Kileleshwa, ambako wakati huo kulikuwa na nyumba za chini za maofisa wa serikali, kila nyumba na bustani yake. Walivuka mto, wakapanda tena upande wa pili. Hawakushikana mikono. Karibu na lango la Muthangari palikuwa na ua mrefu wa kaiyaba wenye miiba, na hapo waliachana, nyanya akaingia, babu akaendelea Kawangware. Miezi mingi walitembea hivyo. Siku moja babu alisimama penye ua akasema, "Nimechoka kuishia hapa."

Nyanya akamwambia, "Basi tuma watu."

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu hakukuwa na watu wa kutumwa. Babu hakuwa na baba mdogo wala mjomba. Ndugu zake wote walibaki Urundi, na hakumjua hata mmoja kwa sura. Alimweleza mwenzake wa karakana, seremala mmoja wa makamo aliyetoka Magharibi mwa Kenya, ndiye aliyekuwa akitengeneza mbao za sofa ambazo babu alizivika nguo. Seremala alisikitika. "Kwetu mtu haendi kuposa peke yake kama anayeenda dukani kununua sukari," akasema. "Nitakuwa baba yako mdogo. Lakini siku hiyo usinipinge mbele ya watu."

Upande wa nyanya mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwao Nyasaland msichana huposwa mbele ya mjomba wake, ndugu ya mama, ambaye wao humwita nkhoswe. Ndiye anayeifunga ndoa, na wawili wakigombana, ndiye anayeitwa. Nyanya hakuwa na mjomba. Mzee mpishi alimngoja mzee wa maziwa asubuhi moja penye mlango wa jikoni, akamwambia, "Wewe iko mjomba."

"Mimi Mkikuyu," mzee wa maziwa akasema. "Nitakuwaje ndugu ya marehemu mkeo?"

"Wewe naletea yeye maziwa. Wewe najua sauti yake. Hapa Nairobi nani mwingine najua sauti yake?"

Mzee wa maziwa hakubisha tena. Aliporudi Kinoo siku hiyo alimwambia mkewe kwamba amepata dada.

Wakakutana Jumapili moja baada ya ibada, kwenye chumba cha mzee mpishi. Mzee mpishi alivaa suti yake, akapanga vikombe, akaoka skonzi. Nyanya alikaa nyuma ya pazia pamoja na mke wa mzee wa maziwa, akasikia kila kitu.

Mjomba wa kuazima alianza kama alivyozoea kwao. Akasafisha koo, akataja mbuzi. Akataja asali. Kabla hajafika mbali mzee mpishi alimvuta koti. "Hapana mbuzi," akasema.

Seremala naye alikuwa amejiandaa kupunguza. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno. Alipoona mbuzi wameondolewa bila yeye kufungua mdomo, alichanganyikiwa. "Basi mnataka nini?" akauliza.

"Jogoo," mzee mpishi akasema. "Wewe leta jogoo. Sisi toa kuku tembe. Kwisha. Kwetu iko hivyo."

"Jogoo tu?" seremala akauliza, akageuka kumtazama mama yake babu.

Mama yake babu alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Akainuka. "Ng'ombe yangu iko nje," akasema.

Na kweli ng'ombe alikuwa nje. Mumewe alipofariki, mama huyo alijinyima mpaka akapata ndama jike, akamfuga Kawangware kwa majani ya kukata kando ya barabara, kwa ajili ya siku hii. Sasa alikuwa mtamba mzuri, mwekundu, amefungwa kamba langoni, na wakati wao wanazungumza alikuwa anakula maua ya memsabu, mke wa yule Mzungu.

"Mimi hapana taka ng'ombe," mzee mpishi akasema.

"Unamkataa?"

"Mimi hapana uza mtoto."

"Na mwanangu hataoa bure, kama aliyeokota mwanamke njiani!"

Seremala akamwomba mama akae. Mzee wa maziwa akamwomba mzee mpishi anyamaze. Hakuna aliyesikia. Mama yake babu alitoka, akafungua kamba, akaondoka na ng'ombe wake bila kunywa chai. Babu alimfuata. Nyanya alifungua pazia, akaona skonzi zote zimebaki mezani, na baba yake anazirudisha kwenye kopo moja moja.

Wiki zilipita. Wazee hawakusalimiana tena, hata kwa kutumiana watu. Babu na nyanya waliendelea kutembea Jumamosi, lakini sasa kwa huzuni, na babu aliwahi kusema pengine waende tu kwa mchungaji, wafunge ndoa peke yao. Nyanya alikataa. "Tuna mzazi mmoja mmoja tu," akamwambia. "Tukiwaacha hao, tutakuwa na nani?"

Siku moja alikwenda Kawangware bila kumwambia mtu. Alimkuta mama yake babu anakata majani. Nyanya hakusubiri kukaribishwa. Alivua viatu, akaanza kukusanya majani na kuyafunga. Walifanya kazi pamoja mpaka mzigo ukajaa. Ndipo mama akasema, "Wewe unafikiri nina kiburi."

"Hapana, mama. Nataka kuelewa."

Mama akakaa juu ya mzigo wa majani. "Mimi nilipoolewa, baba yangu alipewa ng'ombe. Kijiji chote kiliona. Halafu njaa ikaja, tukaondoka. Huku nilikofika, nani alijua kwamba mimi ni mke wa mtu? Waliniona ni mwanamke tu anayefuata mwanamume barabarani. Waliniita majina. Kila nikiitwa hivyo nilimkumbuka ng'ombe yule, nikasema moyoni, mimi nilitolewa kwetu kwa heshima." Akamgeukia nyanya. "Sitaki wewe uitwe majina. Ndiyo maana."

Nyanya alirudi nyumbani akilia njiani. Alimkuta baba yake anamenya viazi, akamweleza aliyoambiwa. Mzee mpishi aliendelea kumenya. Kisha akaweka kisu chini, akamjibu kwa lugha yao, na nyanya alikuwa akitutafsiria maneno hayo polepole kila mara, kama anayeogopa kumwaga kitu.

"Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke," baba yake alimwambia. "Mimi sina nyumba ya kumhamishia mtu. Hata kitanda hiki si changu. Utakwenda kwake, utaishi kwa watu wake. Sasa nikimla ng'ombe wao, siku ukipigwa, siku ukinyimwa chakula, nitakuambiaje urudi? Nitakuwa nimeshakula. Nataka mlango wangu ubaki wazi."

Nyanya alikuwa akisema kwamba siku ile alipendwa mara mbili, na hakujua afanye nini na mapenzi yote yale.

Alikwenda Kinoo kwa mjomba wake. Mzee wa maziwa alikuwa anakamua. Alimsikiliza bila kusimamisha mikono, na alipomaliza kukamua akasema, "Hawa wazee wawili hawapingani. Tatizo ni ng'ombe hana pahali pa kulala." Akafikiri. "Mwambie mama alete ng'ombe hapa. Asiende kwa babako. Aje kwangu mimi mjomba. Mimi nitamchunga tu. Akizaa, ndama ni wako wewe mwenyewe. Si wa bwanako, si wa babako. Hivyo umetolewa kwa heshima, na hakuna mtu amekula."

"Na siku nikipigwa?"

"Siku ukipigwa, kuja uchukue ng'ombe wako na ukae hapa. Shamba si langu?"

Seremala ndiye aliyepeleka maneno hayo Kawangware. Alirudi akasema mama ameuliza swali moja tu, kama huko Kinoo kuna maji karibu.

Wakakutana mara ya pili, safari hii Kinoo. Ng'ombe alitembezwa kutoka Kawangware asubuhi, mama ameshika kamba mbele, babu nyuma. Seremala alibeba jogoo kwapani, mzee wa maziwa akatoa tembe. Wakabadilishana kuku mbele ya watu, kama wanavyofanya Wanyasa, ingawa hapo Mnyasa aliyezaliwa kwao alikuwa mmoja tu. Mzee mpishi aliwaelekeza wasimame wapi na waseme nini. Walipomaliza, mama yake babu alimwendea, akampa mikono yote miwili. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama. Ng'ombe muzuri sana."

Walifunga ndoa kanisani na kupanga chumba pale pale Kinoo, kwa mjomba. Baadaye aliwapa kona ya shamba wakajenga nyumba ya mabati, na mama yake babu akahamia kwao. Nyanya alifundisha watoto wadogo. Babu aliendelea kushona viti mjini. Mama yangu alizaliwa katika nyumba hiyo, wa kwanza, akanywa maziwa ya ng'ombe aliyekuwa mali ya mama yake. Babu hakuwahi kumpiga nyanya. Nilimwuliza nyanya hilo nikiwa msichana mkubwa, babu akiwa nje. Akasema, "Alimwogopa ng'ombe." Halafu akaacha utani, akasema, "Hapana. Ni mtu mpole tu."

Miaka ya sabini ilipoanza, Mzungu wa Muthangari aliuza nyumba akarudi kwao. Mzee mpishi alipewa saa ya ukutani na kuambiwa ahame. Babu alimfuata kwa mkokoteni akamleta Kinoo. Kwa hiyo wale wawili waliogombana sasa walikaa nyumba moja. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, na kila mmoja alikivunja kwa njia yake. Mama yake babu hakuwahi kuona mwanamume akipika, na mwezi wa kwanza alikataa kula. Mzee mpishi hakumlazimisha. Alioka keki katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akaweka kipande kwenye sahani kando ya kiti cha mama huyo, akaenda zake. Sahani ikarudi tupu. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, anasema baada ya hapo bibi huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Leo mzee hapiki?"

Mzee mpishi alifariki msimu wa mvua, usingizini. Watu wa kanisa walikuja, wakaanza kupanga kumpeleka makaburi ya mji, kama wanavyozikwa watu wasio na kwao. Mzee wa maziwa alisimama nje kwenye mvua akasema kaburi litachimbwa shambani mwake. Jamaa yake mmoja alipinga, akasema katika ardhi ya ukoo hawazikwi wageni. Mzee wa maziwa hakupaza sauti. "Huyu ni shemeji yangu," akasema. "Kama hamtaki kuchimba, nipeni jembe." Vijana wakachimba.

Baada ya mazishi mama yake babu alikaa siku nyingi kwenye kiti chake. Kisha asubuhi moja akamwambia nyanya, "Nionyeshe ile keki."

Walipika pamoja. Nyanya alikuwa amemwona baba yake akipika maisha yake yote lakini hakuwahi kujifunza vizuri, na yule mama mkwe hakujua kitu. Makaa ya chini yakazidi. Keki ikaungua upande mmoja na kubaki mbichi katikati. Babu aliporudi kutoka mjini aliikuta mezani, wanawake wawili wanamtazama. Alikata kipande kikubwa, akakaa, akakila chote.

"Tamu?" mama yake akauliza.

"Tamu," akasema, na kukata kingine.